Divai za mashamba ya baridi ya Rasi: mwongozo kamili wa kuzichagua, kuzikagua na kuzipoza Lubumbashi

Kosa ni lilelile kila msimu. Mtu analipia chupa ya Sauvignon blanc, divai nyeupe ya Rasi huko Afrika Kusini, bei mara tatu ya ile aliyozoea, kwa sababu ameambiwa divai za mashamba ya baridi ni nyepesi na zina harufu nzuri. Anaiweka juu ya frigo wiki tatu za Oktoba. Siku ya wageni anaitupa kwenye kongelateri dakika arobaini, anaimimina kwenye glasi ndogo hadi ukingoni. Mmoja anasema ni maji ya ndimu. Mwingine anasema ni siki. Lawama zinaenda kwa shamba, na mara nyingi shamba halina kosa.

Katika chupa hizi unalipia vitu viwili: uchachu safi na harufu. Zabibu zikiiva polepole kwenye hewa ya baridi, hubaki na asidi ya maliki, ileile inayolifanya tufaha bichi kuwa chachu. Usiku ukiwa na joto, mzabibu huitumia asidi hiyo kama kuni. Ndiyo maana bonde la Elgin huko Rasi, maarufu kwa matufaha, limekuwa pia bonde la divai. Lakini joto lililokosekana shambani linaweza kuipata divai ndani ya lori, dukani au chumbani kwako, na likiipata hapo linaiharibu kwa njia yake. Hatua zote zinazofuata zinalinda vitu hivyo viwili.

## Vifaa

Tayarisha hivi kabla ya kwenda kununua:

- Simu yenye tochi na kamera.
- Kipimajoto cha jikoni kinachosoma kuanzia digrii 0 hadi 50. Cha bei ndogo kinatosha.
- Ndoo ya lita 10 yenye kimo cha kuifunika chupa hadi shingoni.
- Barafu kilo 3 hadi 4 na chumvi ya kupikia, kikombe kimoja.
- Tirebushoni yenye msokoto wa waya, si ile ya chuma kizito kama skrubu ya mbao. Skrubu nzito hupasua bushoni.
- Glasi zenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, za ujazo wa mililita 300 hadi 400.
- Gunia au taulo nzito, na mifuko ya plastiki.
- Chupa mbili za maji za lita 1.5, zilizogandishwa, za kukaa ndani ya frigo umeme unapokatika.

Kipimajoto ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kinachookoa pesa nyingi kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Tafuta jina la mahali kwenye etiketi

Picha ya mlima na maneno ya dhahabu havikuambii kitu. Tafuta neno "Wine of Origin" au kifupi "W.O.", kisha soma jina linalofuata. Mfumo huu ulianza kutumika Afrika Kusini mwaka 1973, na sheria yake ni kali pale inapokuhusu: mahali pakitajwa, zabibu zote, asilimia 100, lazima zitoke hapo. Kwa aina ya zabibu na mwaka wa mavuno kiwango ni asilimia 85.

Majina unayoyatafuta ni haya.

Elgin. Bonde lililoinuka, kiasi cha kilomita 70 kusini-mashariki mwa Cape Town. Mashamba yako kuanzia mita 200 hivi juu ya bahari hadi zaidi ya 400, na mawingu hulala juu yake mchana. Kama utajifunza jina moja tu, jifunze hili.

Walker Bay, na ndani yake majina matatu yanayoanza na Hemel-en-Aarde, yaani "mbingu na dunia" kwa Kiafrikana. Ni bonde linalopanda kutoka bahari karibu na mji wa Hermanus. Upepo wa bahari hulipoza kila alasiri.

Elim na Cape Agulhas. Huku ni ncha ya bara lenyewe. Upepo ni mkali kiasi kwamba mizabibu huzaa kidogo, na divai yake ina ladha ya chumvi ambayo si ya kufikirika.

Constantia na Durbanville. Ziko pembeni mwa Cape Town, zikipozwa na bahari ya Atlantiki yenye mkondo baridi wa Benguela. Tangu 2017 unaweza kukuta etiketi imeandikwa "Cape Town" badala yake. Wilaya hiyo inajumuisha maeneo haya mawili na mengine mawili madogo, Hout Bay na Philadelphia.

Darling. Pwani ya magharibi. Karibu na bahari ni baridi, lakini si kila shamba liko karibu.

Cape South Coast. Jina pana linaloshika Elgin, Walker Bay, Cape Agulhas na majirani zao. Chupa hizi huwa na bei nafuu zaidi na bado ni za baridi. Kwa matumizi ya wiki, hapa ndipo pa kuanzia.

Sasa mtego. "Western Cape" ni jina la eneo lote. Shamba linaweza kuchanganya zabibu za pwani na za bara lenye joto na bado likaandika hivyo kihalali. Si divai mbaya, ila si ile unayoilipia. "Coastal Region" nayo hudanganya masikio: neno pwani limo, lakini ndani yake kuna Stellenbosch na Paarl, ambako jua ni kali.

Tahadhari: ukiona "Natural Sweet", hiyo ni divai tamu yenye zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita. Inapendwa sana mjini na hakuna aibu kuipenda, lakini mwongozo huu hauihusu.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Hii ni Chardonnay ya Elgin ya mwaka 2023." Kama sentensi inakwama kwenye mahali, rudisha chupa rafuni.

## Hatua ya 2: Oanisha zabibu na mahali

Mahali pa baridi hapaifai kila zabibu. Cabernet Sauvignon isiyoiva vizuri hunuka majani ya nyanya na hukwaruza ulimi. Watu wengi walioapa kutonunua tena divai ya Elgin walianza na chupa ya namna hiyo. Anza na hizi.

Sauvignon blanc. Ndiyo rahisi kuipata na ndiyo inayoonyesha tofauti haraka. Baridi huacha ndani yake harufu ya pilipili hoho ya kijani, majani yaliyokatwa na maracuja. Kati ya mashamba, Iona ya Elgin ina mvuto na uchachu wa kunyooka. Diemersdal ya Durbanville ni nene kidogo na inamfaa anayeanza. Steenberg na Klein Constantia ni za Constantia. Black Oystercatcher ya Elim ndiyo ya kumpa mtu anayedai Sauvignon zote ni sawa.

Chardonnay. Ni nyeupe. Kwa maoni yetu hii ndiyo divai bora ya Elgin, na watu huipita kwa sababu waliwahi kunywa ile ya joto yenye ladha ya siagi na mbao. Paul Cluver ni mahali salama pa kuanzia. Richard Kershaw ni ya siku kubwa. Kutoka Hemel-en-Aarde kuna Hamilton Russell, Newton Johnson na Ataraxia, na bei zake hazina huruma. Chupa ikiandikwa "Unwooded", haikupita kwenye pipa la mwaloni: itakuwa nyepesi na ya matunda zaidi.

Pinot noir. Divai nyekundu ya zabibu zenye ngozi nyembamba, kwa hiyo rangi yake ni hafifu. Usiikatae kwa kuwa unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, ndivyo ilivyo. Hemel-en-Aarde ndiyo nyumbani kwake: Hamilton Russell, Bouchard Finlayson, Newton Johnson, Creation, Storm. Ni aina inayoteseka haraka kuliko zote kwa joto la safari, kwa hiyo usiinunue duka usilolijaribu.

Syrah. Ni nyekundu. Inayotoka Elim au Elgin hunuka pilipili manga, kweli kabisa, kwa sababu ya kemikali iliyomo pia kwenye pilipili manga yenyewe na ambayo huongezeka mahali pa baridi. Strandveld ya Elim ni mfano mzuri.

Riesling. Ni nyeupe na ni chache. Ile ya Paul Cluver ikipatikana, ichukue kwa ajili ya vyakula vya pilipili.

Yenye povu, "Cap Classique". Hutengenezwa povu ndani ya chupa kama ile ya Champagne. Charles Fox ni nyumba ya Elgin inayoshughulika nayo.

Usitarajie kukuta majina yote haya kwenye duka moja la Lubumbashi. Ndiyo maana hatua ya 1 inatangulia: ukijua mahali na zabibu, shamba usilolijua linaweza kukushangaza vizuri.

## Hatua ya 3: Hesabu mwaka wa mavuno na msimu wa safari

Rasi huvuna kati ya Januari na Aprili. Sauvignon ya mwaka huu huanza kutoka shambani katikati ya mwaka. Kwa hiyo ukinunua mwezi wa Juni, mwaka wa jana kwenye etiketi ndio mbichi kabisa.

Umri wa kufuata, ukihesabu kutoka mwaka wa mavuno:

- Sauvignon blanc isiyo na pipa: mwaka 1 hadi 3.
- Chardonnay: 2 hadi 6.
- Riesling: 2 hadi 8.
- Pinot noir: 3 hadi 7.
- Syrah: 3 hadi 9.

Divai ya zamani si lazima iwe bora. Sauvignon ya miaka saba iliyopunguzwa bei ni maiti yenye etiketi safi.

Kisha msimu. Divai nyingi za Afrika Kusini hufika hapa kwa lori, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Baadhi hupita Chirundu, kwenye bonde la Zambezi, ambako Oktoba joto hukaribia digrii 40. Halafu kuna foleni ya Kasumbalesa, ambayo kila mfanyabiashara anaijua bila kuelezwa. Kontena lisilo na ubaridi likisimama juani siku nne, divai iliyomo inapikwa.

Basi muulize muuzaji swali moja: "Mzigo huu uliingia mwezi gani?" Jibu unalolitaka ni kati ya Mei na Agosti, wakati wa ukavu, ambapo usiku wa Juni na Julai hapa hushuka chini ya digrii 10 na njia nzima ni ya baridi. Mzigo ulioingia Septemba, Oktoba au Novemba, nunua tu kama lori lilikuwa la ubaridi. Mwenye depo mzuri huwa anajua. Asiyejua, hesabu hilo kama jibu.

Ukinunua kwa mwaka mzima, nunua Julai.

## Hatua ya 4: Kagua chupa dukani

Hapa usione haya. Washa tochi.

Rafu kwanza, chupa baadaye. Chupa zilizo dirishani au chini ya taa kali ziache. Mwanga huharibu divai nyeupe iliyo kwenye kioo cheupe. Hunuka kabichi iliyochemshwa. Gusa ukuta nyuma ya rafu. Ukiwa wa moto, divai nayo imekuwa ya moto tangu ilipofika. Omba chupa kutoka kwenye kartoni ya chini, stoo.

Usawa wa divai shingoni. Simamisha chupa. Kwa divai changa, divai inapaswa kufika shingoni, si begani. Iliyoshuka hadi begani imevuja au hewa imeingia.

Bushoni. Pitisha kidole juu ya kofia ya chupa. Bushoni ikiwa imevimba na kuisukuma kofia juu, divai ilipashwa joto ikatanuka. Michirizi inayonata shingoni inasema jambo hilohilo. Hiyo usichukue hata kwa nusu bei.

Kifuniko cha kuzungusha. Chupa nyingi nyeupe za Rasi, na nyekundu kadhaa nzuri, hufungwa hivi. Si dalili ya divai duni. Hufungwa hivyo ili harufu isipotee. Kagua pete ya chini: iwe nzima, viunganishi vyake vidogo visiwe vimekatika. Pete iliyokatika maana yake chupa imeshafunguliwa, na inaweza kuwa imejazwa kitu kingine. Kifuniko kilichobonyea juu nacho kikatae, kwa kuwa kinapitisha hewa.

Rangi. Mulika tochi kutoka nyuma, penye kioo kisicho cheusi. Sauvignon ya miaka miwili ni ya majani mabichi yaliyopauka. Ikiwa ya dhahabu nzito au kahawia, imekwisha.

Stika ya uthibitisho. Nyingi zina stika ndogo yenye namba kwenye shingo. Ipige picha pamoja na etiketi ya mbele na ya nyuma. Utaihitaji ukitaka kurudisha, au kununua ileile mwakani.

Vipande vidogo vinavyong'aa chini ya chupa, kama sukari au vioo, visikutishe. Ni asidi iliyoganda kwa baridi, na divai zenye uchachu mwingi huwa nazo zaidi. Havidhuru. Chupa isimamishe saa chache kabla ya kumimina, vitabaki chini.

## Hatua ya 5: Nunua moja, ifungue siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua inayowaokoa waandaaji wa harusi, na ndiyo wanayoikataa kwa kukosa muda.

Kama unahitaji kartoni tatu, kubaliana na muuzaji bei ya kartoni tatu, kisha lipia chupa moja tu na umwombe akuwekee zilizobaki za mzigo uleule. Nenda nyumbani, ipoze, ifungue, ionje kama ilivyo kwenye hatua ya 8. Ikiwa nzuri, rudi kesho yake ukamalize. Ikiwa imepikwa, umepoteza chupa moja badala ya kumi na nane.

Maneno ya kusema ni mepesi: "Papa, nikute moja ni nzuri, kesho nabeba zote." Muuzaji anayekataa mpango huo huenda anajua kitu kuhusu mzigo wake.

Idadi: chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 za mililita 125. Kwa chakula cha watu wanane wanaokunywa kweli, chupa 4. Kwa kugonganisha glasi tu, mililita 100 kwa mtu, chupa moja kwa watu 7.

## Hatua ya 6: Hifadhi mahali panapokaa vilevile

Divai huumizwa na joto, lakini huumizwa zaidi na joto linalopanda na kushuka. Kila ikitanuka na kusinyaa, bushoni hupumua na hewa huingia.

Weka kartoni sakafuni, kwenye chumba cha ndani kisicho na ukuta wa magharibi. Usiweke jikoni. Usiweke juu ya frigo, ambapo kuna joto na mtetemo. Usiweke karibu na dari ya mabati hata kama kabati ni zuri. Weka kipimajoto kando ya kartoni, soma asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku tatu. Tofauti isizidi digrii 4, na cha juu kisizidi 22. Chupa zenye bushoni zilaze, ili bushoni isikauke. Za kuzungusha, simamisha ukitaka.

Kama chumba kinafika 26 au zaidi, tumia gunia lililolowa. Funga kila chupa kwa mfuko wa plastiki kulinda etiketi, zipange kwenye beseni lenye maji sentimita 3, zifunike kwa gunia ambalo ncha zake zinagusa maji, na uache hewa ipite. Maji yanapokauka hubeba joto. Septemba na Oktoba kabla ya mvua, hewa ikiwa kavu, njia hii hushusha digrii kadhaa. Kuanzia Desemba haifanyi kazi ya maana, kwa sababu hewa imeshiba unyevu; usijisumbue.

## Hatua ya 7: Poza kwa kipimo

Digrii za kumimina:

- Cap Classique: 6 hadi 8.
- Sauvignon blanc na Riesling: 8 hadi 10.
- Chardonnay: 10 hadi 13.
- Pinot noir: 13 hadi 15.
- Syrah: 15 hadi 17.

Ndiyo, hata nyekundu inapozwa. Ule msemo kwamba divai nyekundu hunywewa kwa joto la chumba ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, si kwenye sebule ya Lubumbashi yenye digrii 27. Pinot noir ya digrii 27 hunuka spiriti tu.

Kwa frigo. Chupa iliyotoka digrii 26 hufika 15 ndani ya saa moja na nusu hivi, na 10 ndani ya saa tatu hivi. Umeme ukikatika, usifungue mlango; chupa za maji yaliyogandishwa zitashikilia ubaridi saa kadhaa.

Kwa ndoo. Weka barafu nusu ya ndoo, mimina maji hadi theluthi mbili, ongeza chumvi kikombe kimoja, koroga. Zamisha chupa hadi shingoni. Nyeupe huwa tayari ndani ya dakika 20 hadi 25, nyekundu dakika 10. Barafu bila maji ni polepole zaidi, kwa kuwa hewa iliyo kati ya vipande haibebi joto. Chumvi hushusha joto la maji chini ya sifuri. Geuza chupa taratibu kila dakika tano.

Tahadhari: kongelateri ni mahali pa kusahau chupa. Divai ikiganda hutanuka, inasukuma bushoni au kupasua kioo. Zaidi ya hapo, chini ya digrii 5 harufu hulala na kinachobaki ni uchachu mtupu. Yale "maji ya ndimu" ya mwanzo yametokea hapo. Na usitie vipande vya barafu ndani ya glasi: unanunua uchachu na harufu, halafu unavimwagia maji.

Umefaulu ukiwa nje ya chupa pana umande mwembamba, na kipimajoto ndani ya glasi ya kwanza kinasoma digrii 2 juu ya ulizokusudia. Si vibaya. Weka chupa ndani ya ndoo ukiendelea.

## Hatua ya 8: Fungua, nusa, amua

Kwa bushoni, choma msokoto katikati kabisa, zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja, vuta bila kutikisa. Kwa Cap Classique, chupa iwe baridi chini ya digrii 8. Ndani yake kuna mgandamizo zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Waya hufunguliwa kwa nusu-mizunguko sita huku dole gumba likiwa juu ya bushoni muda wote. Inamisha chupa, shika bushoni, zungusha chupa. Sauti iwe ya kupumua, si ya bunduki, na isielekezwe kwa mtu.

Mimina kidogo, theluthi moja ya glasi, zungusha mara tatu, nusa.

- Karatasi au kartoni iliyolowa: bushoni ilikuwa na ugonjwa. Haiponi. Rudisha dukani na bushoni yenyewe.
- Siki au gundi ya viatu: hewa na vijidudu. Peleka jikoni kwa kuloweka nyama.
- Matunda yaliyochemshwa, karanga, rangi ya kahawia: imepikwa au imezeeka. Mzigo wote uutilie shaka.
- Kiberiti au yai: kawaida kwa kifuniko cha kuzungusha. Zungusha glasi, subiri dakika 5 hadi 10. Mara nyingi hupotea.
- Hainuki kitu: ni baridi mno. Shika glasi kwa viganja dakika mbili.

Umefaulu ukiwa harufu inakufikia kabla pua haijafika kwenye mdomo wa glasi, na baada ya kumeza mate yanajaa pembeni mwa ulimi. Hayo mate ndiyo uchachu mzuri. Uchachu mbaya hukwaruza koo.

## Hatua ya 9: Iweke mbele ya chakula kinachoifaa

Divai hizi zimejengwa kwa meza, na meza yetu inazifaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mafuta na chumvi vinahitaji uchachu.

Thomson wa kuchoma mwenye chumvi na ndimu, pamoja na bukari: Sauvignon blanc, hasa ya Elim. Usimpe divai nyekundu nzito. Chuma kilichomo humo hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha ya msumari mdomoni.

Sombe yenye mawese: Chardonnay. Mawese yanataka divai yenye mwili, yaani nzito mdomoni, na uchachu wake unakata utelezi. Sauvignon nyembamba hapa humezwa.

Bowa wa msimu wa mvua, waliokaangwa kwa kitunguu bila nyanya nyingi: Pinot noir, bila mjadala. Divai hii huwa na harufu ya majani yaliyooza na udongo, na bowa ni udongo uliopikwa. Kama una chupa moja tu ya Hemel-en-Aarde kwa mwaka, ingoje Januari.

Michopo ya mbuzi: Syrah ya baridi. Pilipili manga iliyo ndani ya glasi inakutana na moshi.

Vinkubala waliokaushwa na kukaangwa hadi kulia mdomoni: Cap Classique. Jaribu kabla ya kucheka.

Pilipili ya kuwasha ni adui wa kilevi. Kila asilimia inaongeza moto. Chakula kikiwa kikali, chagua chupa ya chini ya asilimia 13, Riesling ikiwezekana.

## Ikibaki

Funga kifuniko chake au rudisha bushoni, weka frigo hata kama ni nyekundu. Sauvignon itakaa siku 2, Chardonnay 3, Pinot noir 2, Syrah 3. Kama imebaki chini ya nusu, ihamishie kwenye chupa ndogo safi ya mililita 330, ujaze hadi juu ili hewa isipate nafasi. Yenye povu hainusuriki na kijiko kilichotiwa shingoni, hata kama jirani anaapa. Inahitaji kizibo cha kubana, au imalizwe. Ya siku ya nne inafaa kulowekea mbuzi usiku kucha: vikombe viwili kwa kilo moja na nusu, na kitunguu saumu.